Wacheza Ngoma Wanahitaji Sakafu

Kwenye kumbi nyingi, mapumziko ni ya watazamaji. Watu hutoka kununua maji, kupiga simu, kupanga foleni ya chooni. Jioni moja ya Juni 2022, katika ukumbi wa Sadler's Wells jijini London, mimi na mpwa wangu tulibaki vitini, na wengi waliotuzunguka nao walibaki, kwa sababu kazi ilikuwa inaendelea mbele yetu. Wafanyakazi walitandaza turubai jukwaa zima, wakaingiza makasha makubwa ya magurudumu yaliyojaa udongo, wakayapindua moja baada ya jingine. Kisha wakashika reki. Walisawazisha udongo ule kama watu wanaoandaa kitalu cha mbegu, wakienda na kurudi, wakipunguza kilima hapa, wakijaza shimo pale. Ulikuwa udongo mweusi wa mboji, una unyevu, na harufu yake ilitufikia pale tulipokaa.

Kazi iliyokuwa inaandaliwa inaitwa The Rite of Spring. Muziki wake ulitungwa na Mrusi Igor Stravinsky, na ulipochezewa ngoma mara ya kwanza mjini Paris, tarehe 29 Mei 1913, kwa utunzi wa Vaslav Nijinsky, watazamaji walizomea na kuzozana ukumbini. Kisa chenyewe ni kifupi na cha kutisha: jamii inamtoa kafara msichana ili majira ya kuchipua yarejee, naye anacheza mpaka anakufa. Watunzi wengi wameurudia muziki huo. Aliyeuwekea udongo miguuni ni Mjerumani Pina Bausch, mjini Wuppertal mwaka 1975, pamoja na msanifu wake wa jukwaa, Rolf Borzik. Bausch alifariki mwaka 2009. Baadaye taasisi inayotunza kazi zake ilishirikiana na Sadler's Wells na shule ya École des Sables ya Senegal, wakakusanya wachezaji kutoka nchi 14 za Afrika wajifunze kazi hiyo. Mazoezi yalikuwa yamekaribia kuisha, onyesho la Dakar linasubiriwa Machi 2020, korona ikafunga kila kitu. Kabla ya kutawanyika, wachezaji walicheza ufukweni Toubab Dialaw, shule hiyo ilipo, jua likizama, juu ya mchanga, mbele ya kamera peke yake. Onyesho la kwanza mbele ya hadhira lilikuja kufanyika Madrid, Septemba 2021.

Sehemu ya kwanza ya jioni ile ilikuwa ya akina mama wawili watu wazima, Germaine Acogny, mwanzilishi wa shule hiyo ya Senegal, na Malou Airaudo, aliyekuwa miongoni mwa wachezaji wa mwanzo wa Bausch. Walicheza taratibu, kwa utulivu wa watu wasiokuwa na deni la kumthibitishia mtu yeyote chochote. Niliipenda. Lakini nilichokuja nacho nyumbani, na kinachonifanya niandike leo, ni udongo.

Wachezaji walipoingia, wanawake wamevaa magauni mepesi ya rangi ya ngozi, wanaume vifua wazi na suruali nyeusi, niliyaangalia magoti. Hawakuyaficha. Walijitupa chini kwa uzito wao wote na kuinuka bila kusita. Waliruka wakatua kwa visigino, na udongo ukawapokea. Kundi zima lilipopiga kiwiko tumboni kwa pamoja, tulisikia pumzi zikiwatoka. Baada ya dakika chache migongo yao ilikuwa imeloa jasho, udongo umeganda mapajani, shingoni, kwenye mashavu. Kila hatua iliyopigwa iliacha alama, na aliyefuata alicheza juu ya alama za mwenzake. Kuna gauni jekundu linalopita mikononi mwa wanawake, mmoja hadi mwingine, kila mmoja akihofia libaki kwake. Anayevishwa ndiye anayecheza mpaka mwisho, peke yake, wenzake wamesimama wanamtazama, mpaka anaanguka kifudifudi.

Mpwa wangu anafanya kazi hospitalini huko, anawafanyisha mazoezi watu waliovunjika viungo ili warudi kutembea. Tulipotoka nilitegemea azungumzie yule binti aliyeanguka. Akaanza na magoti.

"Mjomba, umeona walivyokuwa wanatua? Ule udongo ndio unaowabeba. Wangecheza vile kwenye zege, wangekuja kwangu wote."

Akanieleza, tukiwa tunatembea kwenda kituoni, kwamba mtu akiruka na kutua, mguu wake hubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili. Chini pakibonyea kidogo, mshtuko hugawanyika. Pakiwa pagumu, mshtuko wote hupanda: kifundo, muundi, goti, nyonga, kiuno. Mara moja haina shida. Shida ni mazoezi ya kila siku, miezi na miaka, mpaka mfupa wa muundi unaanza kuuma usiku na baadaye unapata ufa mwembamba ambao mchezaji anauchezea bila kujua.

Nilimsikiliza kwa uchungu kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshauona upande wa pili wa maneno yake jijini Dar es Salaam.

Ukumbi siutaji. Ni ukumbi mzuri, una viyoyozi, una viti vya kitambaa, una taa, na jukwaa lake limewekwa vigae vinavyong'aa. Vijana waliocheza pale walikuwa sita, wamefundishwa vizuri, na utunzi wao ulihusu wavuvi wanaosubiri boti ambayo haikurudi. Walicheza kwa uangalifu mwingi. Walisogea, walisimama, waliinamisha vichwa, walikaa chini polepole na kuinuka polepole. Sikuona hata mmoja akiruka. Wawili walikuwa wamejifunga bandeji magotini, na mmoja alipoteleza pale kwenye kigae penye jasho, nusu ya ukumbi tulishtuka naye. Watu walipiga makofi ya adabu. Nyuma yangu mzee mmoja alimwambia mkewe kwamba hajaelewa kitu, na kwamba ngoma hizi za kisasa ni za kutembeatembea tu.

Baada ya onyesho nilimfuata mwalimu wao nikamuuliza kwa nini ameitunga kwa upole namna ile. Akanijibu, "Kaka, sikuitunga hivyo. Tulipoitungia, kiwanjani nyumbani, kuna sehemu boti inapinduka, wote sita wanaruka na kuanguka. Jana tulipofika kufanya mazoezi hapa tukaikata. Nikimwangusha kijana wangu hapa, kesho sina mchezaji."

Ukumbi ule ulikuwa umekata onyesho katikati, na aliyelipia tiketi hakuambiwa. Yule mzee aliyesema hajaelewa alikuwa na haki yake. Aliona kisa kilichotolewa kiini: boti haikupinduka, kwa hiyo wanaosubiri hawakuwa na cha kusubiri. Tunapenda kusema kwamba watu wetu hawana hamu na ngoma za kisasa, kwamba hawajazoea, kwamba ni sanaa ya wageni. Mimi nadhani mara nyingi watu hawajaoneshwa kazi kamili. Wameoneshwa kile ambacho kigae kimeruhusu.

Hili la ugeni nalo linahitaji kujibiwa, maana ndilo linalotumika kuzima mazungumzo. Ngoma ya kisasa si jambo lililoshuka juzi kwa ndege. Mwishoni mwa karne ya 19 vijana wa Lamu na Mombasa walitazama bendi za kijeshi za Wazungu, wakachukua sare, vyeo na mwendo wa gwaride, wakafanya ngoma yao iitwayo beni. Kufikia Vita Kuu ya Kwanza, askari na wapagazi walikuwa wameibeba hadi bara, na vyama vya Marini na Arinoti vilishindana Tanganyika nzima kwa mavazi, kwa nidhamu na kwa karamu. Kule kusini beni ikazaa mganda, ambao leo tunauonesha kwenye sherehe kama ngoma ya jadi. Waliokuwa vijana wakati ule walikuwa wanatunga ngoma ya kisasa, wakilaumiwa na wakubwa wao kama vijana wa leo wanavyolaumiwa. Na katika miaka ya 1990, Nairobi, Mkenya Opiyo Okach na Mkongo Faustin Linyekula, aliyezaliwa Ubundu jirani na Kisangani, pamoja na Afrah Tenambergen, walianzisha kundi la Gàara. Kazi yao ya Cleansing ilipata tuzo mjini Luanda mwaka 1998. Linyekula akarudi kwao, na tangu mwaka 2006 Studios Kabako yake ipo Kisangani, mji ambao Kiswahili kinasikika sokoni. Dar es Salaam kuna shule ya MuDa Africa inayofundisha vijana ngoma za kisasa. Kwa hiyo watunzi tunao, na wachezaji tunao.

Kilichobadilika ni mahali pa kuchezea. Beni ilichezwa mitaani na viwanjani. Mdundiko ulipita uchochoroni ukikusanya watu nyuma yake. Sindimba ilichezwa kwenye udongo uliofagiliwa na kunyunyiziwa maji vumbi lisipande, na mwenye kiwanja aliangalia kabla ya jioni kama kuna kisiki au kigae cha chungu kinachoweza kumkata mtu. Bugobogobo ya Wasukuma ilizaliwa shambani, na majembe wanayocheza nayo yalikuwa yakitua kwenye ardhi iliyolimwa. Kiwanja cha ngoma kilikuwa na mtunzaji wake, na kukitunza kulihesabiwa kuwa sehemu ya ngoma. Baada ya Uhuru tukaziingiza ngoma ndani ya majengo. Tukaunda kundi la taifa, tukafungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho leo ni TaSUBa, tukajenga kumbi za halmashauri, za shule, za vyuo. Nia ilikuwa njema: ngoma ipate heshima ya paa, taa na tiketi. Lakini jengo lilipochorwa, kilichofikiriwa ni mkutano. Ukumbi wetu wa kawaida ni ukumbi wa hotuba, na hotuba inatosheka na zege. Ngoma ikapewa chumba cha watu wanaosimama wima nyuma ya kipaza sauti.

Acogny alilijibu suala hili kwa namna iliyo wazi kabisa. Mama huyu alizaliwa Benin mwaka 1944, akakulia Senegal, na kati ya 1977 na 1982 aliongoza Mudra Afrique jijini Dakar, shule iliyoanzishwa na Rais Léopold Sédar Senghor pamoja na mtunzi Maurice Béjart. Alipoanzisha shule yake mwenyewe Toubab Dialaw mwaka 1998, aliweka uwanja wa mazoezi wenye paa na chini akaacha mchanga. Pembeni kuna ukumbi mwingine wa mazoezi ya ndani. Mbinu anayofundisha inaanzia kwenye uti wa mgongo na kushuka hadi nyayo, na nyayo zinahitaji kitu cha kuzungumza nacho. Mwanafunzi anayejifunza kwenye mchanga anagundua mapema kwamba mchanga unamchosha, unamlazimisha kutafuta nguvu kiunoni, na unamsamehe akianguka. Mwaka 2021 alipewa Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho ya Venice kwa kazi ya maisha yake. Wachezaji wa The Rite of Spring waliojitupa kwenye mboji kule London walikuwa wametoka kwenye mchanga wake. Hawakuwa wakijifunza kuamini ardhi kwa mara ya kwanza.

Sasa, sipendekezi kila ukumbi wetu uletewe malori ya udongo. Udongo ule ni wa kazi moja, na baada ya onyesho lazima uzolewe. Mchanga nao hauwezi kukaa kwenye ukumbi ambao Jumamosi una harusi na Jumatatu una semina. Kuna jibu la tatu, la kawaida kabisa duniani, ambalo mafundi wetu wanaliweza: sakafu ya mbao yenye mnepo. Chini unaweka vipande vya mpira mzito kwa vipimo vinavyolingana. Juu yake unapanga fremu ya mbao, kisha safu ya pili inayokatiza ya kwanza, kisha mbao zenyewe au plaiwudi nene iliyopigwa msasa. Juu kabisa unatandika zulia maalumu la plastiki lisiloteleza, ambalo linakunjwa na kuhifadhiwa siku ya harusi. Mchezaji akitua, sakafu nzima inashuka kidogo na kurudi. Ukisimama pembeni unausikia mlio wake, mzito, wa chini, tofauti na ule mlio mkavu wa kigae. Nilimwonyesha mchoro seremala mmoja wa Keko, Dar es Salaam, mtu aliyetengeneza vitanda na makabati maisha yake yote. Aliuangalia kwa makini, akauliza mpira uwe wa unene gani, akauliza mbao zitakauka vipi na joto hili la pwani, akasema kazi kubwa ni kupata mbao iliyokaushwa sawasawa, mengine yanafanyika. Hakuniuliza hata mara moja kama jambo hili ni la Kizungu.

Najua swali linalofuata, kwa sababu nimeulizwa na watu ninaowaheshimu. Shule hazina madawati ya kutosha, zahanati hazina dawa, nawe unadai mbao za kuchezea ngoma? Ningelikubali swali hili kama kumbi zisingekuwa zinajengwa. Zinajengwa. Kila mwaka kuna halmashauri inayofungua ukumbi mpya, na fedha inatumika kwenye dari zenye nakshi, kwenye vioo vya mbele, kwenye viti vya ngozi vya meza kuu. Ninachoomba ni sehemu ya fedha ambayo tayari ipo mezani iende chini ya miguu. Tena tunajua kufanya hivi panapokuwa na mchezo tunaoupenda. Hakuna anayemwambia mwanasoka acheze kwenye zege. Nyasi za Uwanja wa Benjamin Mkapa zikichakaa kidogo, nchi nzima inalalamika, na zinashughulikiwa. Bondia hapandi ulingo usiokuwa na godoro chini ya turubai. Mwili wa mchezaji mpira tunauhesabu kuwa mali ya taifa, tunamfuatilia goti lake magazetini wiki kwa wiki. Mwili wa mcheza ngoma unaumia kimya kimya, na akifika miaka 30 anaanza kufundisha watoto akiwa amekaa kwenye kiti. Tunadhani amechagua ualimu.

Hilo linaniuma kuliko yote. Nimekaa na wachezaji wa zamani, wanaume na wanawake waliozunguka nchi na vikundi katika miaka ya 1980 na 1990, wakacheza mbele ya marais wa nchi za nje, kwenye viwanja vya ndege, juu ya lami ya saa sita mchana. Uliza kuhusu ngoma, watakusimulia kwa furaha mpaka chai ipoe. Wakitaka kuinuka, wanashika meza kwanza. Hakuna aliyewahi kuandika maumivu yale popote, kwa sababu mchezaji anayelalamika goti alionekana mvivu, na nafasi yake alipewa mdogo wake. Hao ndio waliotufikisha hapa. Vijana wa sasa wamesoma zaidi, wanajua kupasha mwili moto kabla ya kucheza, wanajua kujinyoosha baada ya kazi, lakini bado wanafika ukumbini saa sita mchana na kuanza kwa kugonga chini kwa kisigino, kusikiliza, kisha kukaa pembeni kuamua ni sehemu gani za utunzi wao wazikate.

Serikali sasa ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha wasanii, na ni hatua nzuri. Lakini msanii hawezi kukopa sakafu. Ukumbi si wake; anaukodi kwa siku moja, analipa, anaondoka. Sakafu ni kazi ya mwenye jengo, na mwenye jengo mara nyingi ni halmashauri, chuo au wizara. TaSUBa wana ukumbi wao Bagamoyo, uliojengwa upya baada ya ule wa kwanza kuungua mwaka 2002, na wana walimu wanaojua ngoma za nchi hii kwa miguu yao. Wizara inayohusika na sanaa iwaombe walimu hao waandike kurasa mbili tu za vipimo: unene wa mpira, umbali wa fremu, aina ya mbao, urefu wa jukwaa kutoka ukutani hadi ukutani ili watu sita waweze kukimbia bila kugongana. Kurasa hizo ziambatishwe kwenye kila zabuni ya ukumbi wa umma, sawa na vipimo vya umeme na vya milango ya dharura.

Na kabla mkandarasi hajalipwa fedha yake ya mwisho, wachezaji wa wilaya ile waitwe waje na viatu vyao na bila viatu, waruke, waanguke, wabiringike kwa saa nzima. Wakisema pana ugumu, pafumuliwe.